Kitunguu kupima sumu ya maji

Je, kitunguu kinaweza kupima sumu ya maji? Ndiyo, kitunguu maji cha kawaida kinaweza kuonyesha kama maji ya mtaro wa kiwanda yana sumu. Albert Levan, mwanasayansi wa Sweden, alikitumia mwaka 1938 kuchunguza athari za kolchisini (kemikali inayovuruga mgawanyiko wa seli) kwenye seli za mizizi. Kalisha vitunguu kadhaa juu ya maji hayo, vingine juu ya maji safi, halafu baada ya siku 3 au 4 linganisha urefu wa mizizi. Ikidumaa upande wa mtaro, kuna tatizo. Kwenye darubini utaona mengi zaidi, maana kromosomu zake (nyuzi za urithi ndani ya seli) ni 16 tu, tena kubwa, na zilizokatika huonekana. Ila hakitakutajia ni sumu gani. Na tafadhali, hata mizizi ikistawi msiyanywe maji hayo: vimelea vya kipindupindu havipimwi hivyo.