Nyinyi wa ushauri nasaha, wekeni mawaidha kando kwanza

Vijana wangu wa atachimenti, nawapenda na mwajua nawapenda, lakini wiki hii nimekaa pembeni nikisikiza sesheni zenu mpaka ikabidi nitoke nje nivute pumzi. Msichana wa Fomu Tatu kasema "mi nimechoka tu, madam", basi. Akajibiwa kwa ratiba ya kusoma, alale mapema, apunguze simu, aswali, akumbuke vile mamake ahangaikavyo na mahamri kutafuta karo. Maneno mazuri yote, sina ubaya nayo, ila hakuna aliyemuuliza amechoka na nini. Najua darasani mlifundishwa na PHQ, yale maswali tisa ya kupima depresheni, mwaijua kwa moyo, lakini mkishakaa mbele ya mtoto mwenye machozi mnashikwa na haraka ya kumtuliza, na hiyo haraka ndio naandikia leo.

1. Watoto wa huku hawaji ofisini wakasema wana depresheni. Waja na kichwa chauma, tumbo, kifua chabana, moyo waenda mbio, usingizi hauji. Wavulana waja na ugomvi ama hawaji kabisa, wako maskani na muguka, yale majani ya kutafuna, mpaka usiku. Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka 2024, mambo yakaenda kortini, na mitaani mwaona wenyewe. Kwa hivyo ukimkuta na kifurushi usikimbilie kumripoti, muulize kwanza alianza lini na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini. Mara nyingi hiyo tarehe ndio yakufungulia mlango, kuna mtu alifariki, ama babake alihama, ama alifukuzwa karo akakaa nyumbani muhula mzima.

2. Tazama kilichobadilika. Mkimya wa siku zote muache na ukimya wake. Wa kumtafuta ni yule mchangamfu aliyenyamaza, aliyekuwa hakosi mpira sasa ati mguu wauma kila Ijumaa.

3. Hapa nataka mkae chini. Kuna shule moja nilifanya kazi, siitaji. Kulikuwa na mvulana alala darasani kila asubuhi, mwalimu wa zamu kamwandika, kapigiwa kelele, kaitiwa mzazi, mwisho akapelekwa kwa kaunsela kijana kama nyinyi, mpole, ana ulimi mzuri na watoto. Faili lake nililisoma baadaye, limeandikwa safi kama barua ya posa: mwanafunzi ameelezwa umuhimu wa masomo, mwanafunzi amekubali kubadilika. Ukurasa mzima hamna mahali pameandikwa mtoto mwenyewe alisema nini. Wiki hiyo hiyo aligawa viatu vyake vya mpira na seti yake ya jometri, mwalimu wa darasa akamsifu mbele ya wenzake kwa ukarimu. Siku ya pili yake akajaribu kujiua. Jirani alimuwahi, alhamdulillahi, akafikishwa hospitali na leo yuko hai, ana kazi yake.

Nilikaa naye wodini. Nikamuuliza usiku alikuwa afanya nini kama mchana ni kulala, akaniambia alikuwa angoja ndugu zake walale ndio apate kulia. Tangu Ramadhani, na hapo tulikuwa muhula wa tatu. Nikamuuliza mbona ofisini hukusema. Akaniangalia akasema, "Nilisema madam. Nilimwambia sitawasumbua tena, akaniambia vizuri sana."

Yaani ile "amekubali kubadilika" kwenye faili ndio hiyo. Mtoto alikuwa aaga, sisi tukaandika ni maendeleo. Yule kaunsela alilia sana na hakuwa mtu mbaya, wala mzembe hakuwa, alisikia tu lile alilotamani kusikia, na ofisi nzima tukapitisha faili.

Ndio maana nawagombeza juu ya lile swali la tisa la PHQ, la mawazo ya kujiua, mwalisoma mbio mbio sauti imeshuka. Uliza kwa jina lake: umewahi kufikiria kujiua? Usiulize "lakini hufikirii mambo mabaya, eh?" maanake hapo umeshamwambia ajibu hapana, na atajibu hapana ili wewe upumue. Kuuliza hakumpandikizii wazo, hilo limetafitiwa sana, wengi wao mabega yashuka hapo hapo kwa kuona kuna mtu anaweza kulisikia. Akisema ndio, usimsomee haramu na halali, yeye ameshajisomea usiku kucha. Uliza kama ana mpango, atatumia nini, kitu hicho kiko wapi, lini. Usimuache peke yake hata ule muda wa kuja kuniita, nipigie simu ukiwa umekaa naye. Na kile kitu cha hatari nyumbani kiondolewe siku hiyo hiyo, si kesho.

Wazazi wengine watakuficha kwa kuogopa polisi. Waambieni: kile kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua ni kosa la jinai, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba chakiuka katiba. Mtoto anahitaji daktari.

4. Usiahidi "sitamwambia mtu". Mwambie mapema kabisa, kabla hajaanza, kwamba maisha yake yakiwa hatarini utamwambia mtu mmoja wa kusaidia na utamtajia ni nani.

5. Nyumbani utaambiwa ni jini, ni kijicho, amefanyiwa kitu. Usibishane na watu dini yao na mila zao, utashinda mjadala umpoteze mtoto. Kuna nyanya mmoja wa Kisauni alinikalisha kwenye jamvi, akanisomea habari yote ya pepo wa ukoo wao, nikamsikiza mpaka chai ikapoa, kisha nikamwambia bibi, kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa, aendelee nalo, na daktari naye tumpe nafasi yake. Akavaa buibui akampeleka mwenyewe. Mimi sharti langu ni moja tu, mtoto asifungwe, asipigwe, wala asiachishwe dawa.

6. Kumpa mzazi karatasi ya rufaa si kurufaa. Hospitali ya Port Reitz wana huduma ya afya ya akili, Makadara (hospitali kuu ya Pwani) pia, lakini mama wa Likoni feri atapita bure kwa miguu, matatu ya ng'ambo hapandi bure, na hapo ndio makaratasi mengi huishia pochini. Piga simu kule kabla, ujue kliniki ni siku gani, ikiwezekana mfuate. Usiku ukiwa hupatikani wawe na 116 ya Childline, ni bure saa yoyote.

7. Akirudi shuleni msimsimamishe paredi aombewe kwa jina. Muulizeni mwenyewe ataka wenzake waambiwe nini, na kama hataki waambiwe kitu, basi. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndio za hatari zaidi, kwa hivyo mpigieni hata kama amesema yuko poa, na kila mara andikeni maneno yake kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, kabla hamjaandika yenu. Namba ya mzazi iwe kwenye faili, si kwenye simu yako, maanake atachimenti yaisha Novemba na mtoto yuabaki.