Mtoto hapunguzi kucheza eti kwa kuwa siku zimekaribia

SWALI: Shikamoo bibi. Nina miaka 23, mimba ya kwanza, wiki ya 31. Naishi kijijini, huku juu njia ya Amani. Mwezi uliopita mtoto alikuwa akinipiga mateke mpaka naamka usiku. Tangu jana ametulia. Mama mkwe anasema nisihangaike, mimba ikifika miezi ya mwisho mtoto hukosa nafasi, hujipanga tu akingoja kutoka. Ni kweli? Tena miguu inavimba jioni, na kiungulia hakiniachi, wanasema ni nywele za mtoto. Natarajia kujifungua katikati ya Aprili.
Mama Kijacho, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako haikuwa ya kusubiri gazeti litoke, ndiyo maana tulikupigia simu siku ileile uende kituoni. Nimefurahi mno kusikia mapigo ya moyo wa mtoto yamekutwa mazuri. Asante kwa kukubali nijibu hapa, kwa sababu maneno hayo ya mama mkwe wako nimeyasikia wodini miaka yote 29 niliyofanya ukunga.

Si kweli. Kinachobadilika ni namna ya kucheza. Yale mateke ya ghafla huwa machache, badala yake utasikia anajisukuma, anajinyoosha, kisigino kinakupita chini ya mbavu. Lakini kucheza kwenyewe hakupungui, hadi siku ya uchungu. Mtoto hulala, ndiyo, dakika 20 hadi 40, mara chache ikazidi saa moja na nusu. Siku nzima ya ukimya si usingizi.

Kila jioni ukishakula, lala ubavu, weka mkono tumboni, hesabu. Ndani ya saa mbili ungepaswa kupata michezo 10. Usipoipata, au ukiona tu huyu si mtoto wako uliyemzoea, nenda kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usipoteze muda kunywa chai ya sukari ili umwamshe. Namkumbuka mama mmoja aliyefika saa nane usiku kwa bodaboda, anaomba radhi kwa kutuamsha. Mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Alipelekwa chumba cha upasuaji, na kabla ya alfajiri tulisikia mtoto analia. Nimewapokea pia waliosubiri mpaka siku ya tatu. Hayo sitakusimulia, una mimba.

Miguu kuvimba jioni ni kawaida. Inyanyue juu ya mto ukipumzika. Ila uvimbe ukipanda usoni na mikononi, au kichwa kikiuma kisiache, au macho yakiona ukungu, au pakauma chini ya mbavu upande wa kulia, hapo huenda ni presha inayoleta kifafa cha mimba. Ndiyo sababu kliniki wanakupima presha na mkojo kila uendapo, nawe usiruke wiki ya 34, 36, 38 na 40 kwa kuwa unajisikia mzima. Presha hii mara nyingi humkuta mtu akiwa anajisikia mzima kabisa.

Kiungulia hakitokani na nywele. Mfuko wa uzazi umepanda na kulisukuma tumbo la chakula, na homoni za mimba zimelegeza mlango wake wa juu. Kula kidogokidogo, usilale mara tu baada ya ugali. Vidonge vya kuongeza damu endelea navyo, lakini usimeze kwa chai ya rangi, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza kwa maji ya chungwa, uko Muheza bwana! Na kulala, lala ubavu wowote. Ukiamka ukajikuta chali, geuka tu, usilie.

Tumbo litaanza kukaza na kuachia, kisha linapoa ukitembea au ukinywa maji. Huo si uchungu wenyewe. Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio, unakaribiana, unazidi nguvu, na kutembea hakuuondoi. Maji yakikatika usingoje uchungu, nenda. Damu ikitoka, nenda mbio. Na dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, akikuletea yeyote, kataa: zinaweza kulikaza tumbo kupita kiasi, likapasua mfuko wa uzazi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni Aprili. Hiyo ni masika, na barabara ya huko juu ikilowa bodaboda haipandi wala haishuki. Ukifika wiki ya 37 shuka mjini, ukae kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Zungumza na mumeo sasa: nauli iwekwe pembeni, na mtu wa kukuchangia damu ajulikane. Kanga sita safi, pedi, nguo na kofia ya mtoto, na vifaa watakavyokuandikia kliniki, vyote viwe mfuko mmoja pamoja na kadi yako.

Mama mkwe msomee jibu hili taratibu, hakusema kwa ubaya. Ndivyo na yeye alivyoambiwa. Mwite jioni akae nawe, aweke mkono wake tumboni, mhesabu wote wawili.