Usiishie kuuliza "atapona?"

Juzi usiku nimepata meseji ya mama mmoja, mwanae kakutwa na meduloblastoma, saratani ya ubongo inayoanzia sehemu ya nyuma, swali lake moja tu, "dada, atapona?" Sikulala. Ndo swali nililouliza mimi miaka 6 iliyopita nikapewa asilimia, nikatembea nayo kichwani miezi na miezi bila kujua inamhusu mtoto wa aina gani.

Mwanangu alikuwa na miaka 9. Kila asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, akishatapika anapata nafuu anataka kucheza. Tukapewa dawa za minyoo, tukapewa za tumbo, tukaambiwa anadeka hataki shule. Wiki 7! Mpaka alipoanza kupepesuka kama mlevi ndo wakampiga MRI. Bado inaniuma na sitaficha.

Operesheni ilienda vizuri, uvimbe ukatoka wote, jioni akaniita mama. Kesho yake kimya. Ananitazama, machozi yanamtiririka, sauti hakuna. Kumbe karibu robo ya watoto wanaotolewa uvimbe huu inawatokea hivyo siku moja au mbili baada ya operesheni, inachukua wiki, wengine miezi, na hakuna aliyetuandaa. Yeye ilikuwa siku 33. Neno la kwanza lilikuwa "fungua", kashika chupa ya maji. Nilifungua mikono inatetemeka, yote yakamwagikia shuka, nikalia kama mtoto.

Sasa wazazi wenzangu nisikilizeni. Meduloblastoma siyo ugonjwa mmoja, ina makundi makubwa manne: WNT, SHH, kundi la 3 na kundi la 4. Mtoto wa WNT ana nafasi zaidi ya asilimia 90 ya kuvuka miaka 5, wa kundi la 3 ambaye uvimbe umeshasambaa hali yake ni ngumu kabisa, na wote wawili kwenye karatasi jina ni lilelile. Kwa hiyo uliza, kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kimepimwa vinasaba kujua ni kundi lipi? Uliza uvimbe umebaki kiasi gani baada ya operesheni, uliza MRI ya uti wa mgongo imeonyesha nini. Uliza tena hata wakikuona msumbufu, mimi nilinyamaza kwa heshima na najuta.

Na kupona kwenyewe muulizie vizuri. Sisplatini, dawa ya kemo, inakula masikio, mionzi inagusa homoni za ukuaji na kasi ya akili kushika mambo. Wangu ana miaka 15 sasa, anavaa kifaa cha kusikia, mdogo wake kampita urefu, hesabu anapata ila anahitaji muda zaidi ya wenzake. Najivunia sana huyu mtoto. Ila kuna wazazi kemo ikiisha wanaaga kliniki, jamani, mtoto anadumaa huku mnashukuru amepona! Kipimo cha masikio na cha homoni msiviache, ulizeni, ulizeni tena.

Yule mama nilimwandikia yote haya. Leo asubuhi kanijibu, kinyama bado kipo maabara, wamekubali kukipeleka kupimwa.