Shangazi, Mbrazili wa chumbani kwangu analia kila Jumapili

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, mtu wa Tanga, huu ni mwaka wa tatu niko Dublin nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza (nyumbani wanajua mimi ni nesi, lakini hilo tuliache). Nalala chumba kimoja, kitanda cha dabo deka, na binti wa Kibrazili wa miaka 22, nimwite Lúcia. Amekuja kusoma Kiingereza, baba yake aliuza gari kumlipia ada na tiketi. Alfajiri anasafisha ofisi, mchana yuko darasani, jioni amelala. Jumamosi huazima koti langu jekundu akapige picha kwenye daraja la Ha'penny, anacheka hadi jino la mwisho. Jumapili saa tatu usiku, akishaongea na mama yake, anageukia ukutani analia mpaka kitanda kinatikisika, nami niko juu. Marafiki zake ni Wabrazili watupu. Namhurumia, lakini nimechoka. Namba ya mama yake ninayo. Nimwandikie? Au nimwambie huyu mtoto arudi kwao?*
*Wa Kitanda cha Juu*

Marahaba, mwanangu.

Namba ya yule mama iache ilipo. Utamwandikia kwa lugha gani? Yeye Kireno, wewe Kiswahili, katikati programu ya kutafsiri ambayo haijui kubembeleza. Mama wa watu akute ujumbe wa mtu asiyemjua, "mwanao analia kila wiki", siku hiyo hatakula. Na Lúcia akijua nani kaandika, hicho chumba chenu kitazidi kuwa kidogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara kinachonikaa ni koti. Kiingereza kitakuja na baridi itapita, lakini koti ndilo lenye kesi. Kila Jumamosi anatuma kwao binti ambaye hayupo, na Jumapili inabidi amwigize huyo binti kwenye simu saa nzima. Mama anaongea na yule wa darajani. Huyu wa kitanda cha chini, nadhani, hajaongea na mama yake tangu afike.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Mwaka 1991 nilikuwa Maskati nalea watoto wa watu. Simu ilikuwa ghali, kwa hiyo tulirekodi kaseti tukampa anayesafiri. Mimi nilijifungia chooni ili kelele za watoto zisiingie, nikamwambia mama kazi ni nyepesi, chakula tele. Picha niliyoituma niliipiga Mutrah, mbele ya duka la dhahabu ambalo sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Mama akanijibu kwa kaseti vilevile kutoka Wete: salamu za fulani na fulani, karafuu, kuku wa jirani, halafu akanyamaza kidogo. "Mbona sauti yako ina maji?" Kumbe bomba lilikuwa likidondoka nami sikulisikia. Pale ndipo ningesema. Sikusema, nikakaa miaka mitatu mingine nikiilinda ile picha, na niliporudi na begi moja majirani walikuja kuangalia dhahabu.

Sasa nikuchune sikio kidogo. Hilo "jioni amelala" umeliandika kama unamshitaki. Hebu tupige hesabu. Wanaoingia Ireland kusoma Kiingereza kwa utaratibu wake hujiandikisha kozi ya wiki 25, saa 15 za darasa kwa wiki, na kibali kinawapa kazi ya saa 20 tu, isipokuwa miezi ya likizo inapofika 40. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa yuro 13.50 kwa saa. Saa 20 ni yuro 270 kabla haijakatwa hata senti. Toa kodi ya kitanda, na Dublin wewe wajua kitanda kinavyouzwa. Toa nauli, toa chakula, weka pembeni ada ya kozi inayofuata, maana kibali kikiisha bila kozi mpya hana pa kusimama. Juu ya hayo, Desemba ya huko jua linachomoza saa mbili na nusu na kuzama saa kumi na dakika chache, wakati kwao ni majira ya joto. Anatoka gizani, anarudi gizani. Ningelala mimi.

Na hao Wabrazili watupu usimtenge nao. Waulize watu wa Gort, ule mji mdogo wa Galway. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kufika watu wa Anápolis, jimbo la Goiás, kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Mmoja akamwita shemeji, shemeji akamwita jirani, mpaka mji ukawa na duka lao na kanisa lao. Sensa ya 2022 ilihesabu raia wa Brazili zaidi ya 27,000 katika Ireland nzima. Kwa mtoto aliyefika juzi, hao ndio wanaojua nani anapangisha bila kunyonya na bosi gani halipi. Anayesema "achana na wenzako uchanganyike na wenyeji" mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuugua ugenini. Halafu niambie, nyie wawili humo chumbani mnaongea nini? Kiingereza, cha kuungaunga. Basi darasa lake la pili ni wewe, na halilipiwi ada.

Fanya hivi. Jumapili hii nenda Moore Street utafute muhogo. Muhogo huo asili yake ni kwao. Wareno ndio waliouvusha bahari kuja Afrika, sisi tukaukaanga tukadhani ni wetu tangu Adamu. Yeye atakuonyesha wanavyokaanga unga wake na kuunyunyizia juu ya maharage, wewe mpikie wa nazi. Atakaposema "meza" na "bendera" kwa Kireno mtacheka wenyewe. Katika kupika, usimuulize kwa nini analia. Msimulie habari ya kaseti yangu, kama hadithi ya shangazi yako mwenye maneno mengi. Kisha mwambie tu: leo, ukipiga simu, geuza kamera. Mama akione kitanda, azione soksi zilizoanikwa kwenye hita, akuone na wewe huko juu umefunga kilemba cha kulalia. Asianze na machozi wala gari la baba. Aanze na soksi. Mama akishaona soksi, mengine atayauliza mwenyewe.

Kurudi kwao si aibu, ila tiketi isikatwe Desemba. Apange mwezi, tuseme Juni, ambapo jua la huko linazama karibu saa nne usiku, aamue akiwa anaona mbele. Akitaka kurudi wakati huo, msaidie kufunga begi na usimwambie neno la kishujaa.

Jambo moja halisubiri Jumapili. Akiacha kula, akishindwa kuamka hata kwenda kazini, au akisema heri asingekuwepo, mpeleke kwa daktari, wewe mwenyewe, kwa mkono. Usiku kuna namba 116 123 ya Samaritans, watu wanaomsikiliza aliyekata tamaa, inapigwa bure saa 24. Hapo usiniandikie mimi kwanza.

Nawe, Wa Kitanda cha Juu. "Hilo tuliache," umeandika, tena kwenye mabano. Umemwona Lúcia na koti lake lakini koti ni lako, mwanangu, na nadhani hukulinunua kwa ajili ya baridi tu. Usipige Jumapili ile ile. Saa tatu yenu Tanga ni saa sita usiku, utamshtua mama yako. Piga Jumatatu kabla hujaingia zamu, ukiwa umeshavaa ile sare ya kazi. Mwonyeshe sare.