Mimba changa kwenye joto la Tanga

Pole sana dada. Umesema mimba ina wiki 7, umehamia Tanga kutoka Ujerumani juzijuzi tu, joto na kichefuchefu vimekushinda, na malaria inakutisha.

Kwanza maji. Usimalize glasi kwa mkupuo, tumbo likijaa ghafla utatapika tena. Piga funda mbili tatu kila dakika 5. Dafu ni zuri, ila chumvi yake haimtoshi anayetapika sana. Chukua pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), ikoroge kwenye lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukipunguza maji, inakuwa kali na inakudhuru. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, tafuna mkate mkavu taratibu. Mkojo ukikolea kama chai ya rangi, au siku nzima hakikai kitu tumboni, tafadhali usisubiri kesho: nenda hospitali ya Bombo ukawekewe dripu.

Chandarua chenye dawa kila usiku, kichomekwe chini ya godoro. Vidonge vya SP, vya kukinga malaria kwa wajawazito, bado, havitolewi kabla ya wiki ya 13. Homa ikija, kapime damu siku hiyohiyo. Usijinunulie dawa dukani. Na asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, anza leo.