Poly Styrene hakuwa mtu wa albamu moja (jibu refu kwa aliyeanzisha uzi)

Mkuu, umeuliza mambo mawili: Poly Styrene, yule mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex ya Uingereza, ahesabiwe kwenye punk (ule muziki wa magitaa makali wa vijana wa miaka ya sabini) au post-punk (uliokuja baada yake), na kwa nini watu wanamsifu sana dada aliyetoa albamu moja na bendi yake halafu akapotea. La kwanza nitalipitia haraka. La pili nitalikalia, maana linanigusa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo London tangu 2003. Miaka ya mwanzo nilifanya kazi ya usiku kwenye supamaketi, kupanga bidhaa kwenye rafu. Unaingia saa nne usiku, unatoka saa kumi na mbili asubuhi. Unakata boksi, unapanga, unageuza kila chupa lebo itazame mbele, unakunja boksi tupu, unavuta lingine. Dawa ya meno, dawa ya choo, sabuni ya vyombo, manukato ya kwapa. Taa nyeupe, dirisha hakuna. Ikifika saa tisa macho yanasoma maandishi yenyewe bila kutumwa: inaua vijidudu, harufu ya limau, mpya na bora zaidi. Mama mmoja tuliyekuwa naye zamu, mzaliwa wa Brixton, mtaa wa kusini mwa London, akanipa CD na kuniambia, "Msikilize huyu binti wa kwetu, anaimba kazi yetu." Ilikuwa Germfree Adolescents ya X-Ray Spex, albamu ya Novemba 1978.

Nilidhani ananitania. Nikaisikiliza kwenye basi la alfajiri, nikaelewa. Binti wa miaka 21 alikuwa amezichukua zile lebo nilizokuwa nazigeuza usiku kucha akazifanya mashairi. Kuna wimbo anaendesha gari la plastiki lenye magurudumu ya sponji, anaingia mgahawani kula mkate wa mpira, dunia nzima imegeuka rangi za kung'aa. Kuna mwingine wa kijana wa dukani ambaye moyoni ni mpiganaji. Ule uliobeba jina la albamu unaimbwa polepole, karibu na mwendo wa rege, unahusu watu wanaopiga meno mswaki na kujisugua mpaka wanaogopana. Kwenye nyimbo hizo hakuna matusi wala hasira za kujionyesha. Yeye anaangalia vitu, basi, na anavitaja kwa majina yake. Hata jina lake la kisanii alilipata hivyo hivyo: alifungua kitabu cha simu cha kurasa za njano akitafuta kitu cha plastiki, akakutana na polystyrene, lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, ukilivunja vipunje vinaganda mkononi. Kitu chepesi, cha kutumia na kutupa. Alijua vizuri biashara ya muziki ingemfanyia nini.

Jina la kuzaliwa ni Marianne Joan Elliott-Said. Sisi wa pwani tukilisikia, sikio linasimama hapo mwishoni. Baba yake alikuwa Msomali, mama yake Mzungu, karani kwenye ofisi ya mawakili. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 Bromley, akakulia Brixton, akilelewa na mama baada ya wazazi kutengana. Akiwa na miaka 15 aliondoka nyumbani akawa anazunguka Uingereza kwenye matamasha, mpaka akakanyaga msumari wenye kutu, jeraha likaingia sumu, ikabidi arudi. Mwaka 1976 alitoa santuri ya rege kwa jina la Mari Elliott, haikwenda popote. Mwaka huohuo, siku ya kutimiza miaka 19, aliwaona Sex Pistols, bendi ya punk, wakipiga kwenye gati la mji wa Hastings. Akaona kumbe jukwaani hupandi kwa kuwa fundi tu. Akaweka tangazo gazetini kutafuta vijana wa kuanzisha bendi.

Sasa hapa mkuu, wewe umesema ni mpenzi wa dansi na kwamba punk ni kelele za magitaa tu. Tafuta Oh Bondage Up Yours!, santuri yao ya kwanza, Septemba 1977. Inaanza na sauti ya kitoto, laini, ikitaja ule usemi wa Waingereza kwamba wasichana waonekane wasisikike. Kisha anapiga ukelele, na bendi nzima inaporomoka. Sikiliza saksafoni. Kwenye dansi letu saksafoni hungoja mwimbaji amalize ubeti ndipo ijibu. Hapa haingoji mtu. Inakwenda bega kwa bega na sauti ya Poly, wakati mwingine inamkanyaga, kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja. Aliyeipuliza ni Lora Logic, bado msichana wa shule wakati ule. Kwa sababu ya neno bondage, yaani kufungwa, wengi walidhani wimbo ni wa mambo ya chumbani. Poly mwenyewe alieleza kwamba ni wa kukataa kufungwa minyororo, iwe ya mwanamke, ya mtumwa au ya mnunuzi.

Lora alitolewa kwenye bendi kabla ya albamu, na hilo mimi sikubaliani nalo hata leo, kwa sababu Rudi Thomson aliyechukua nafasi yake alikuwa anapuliza kwa kiasi kikubwa njia alizozitengeneza yule binti. Lora akaenda kuunda bendi yake, Essential Logic. Na hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Ukihesabu kwa miaka, X-Ray Spex ni punk. Ukisikiliza kilichomo ndani, yaani saksafoni, rege na mashairi ya supamaketi, utakuta njia waliyoipita bendi za post-punk kama Essential Logic, The Slits na The Raincoats ilikuwa imeshafyekwa. Albamu yake mwenyewe Poly, Translucence ya 1980, ndiyo kabisa: muziki mpole, wenye jazi ndani, sauti haipigi kelele hata mara moja. Wakati inatoka watu hawakuielewa.

Kilele chake kilikuwa 1978. Nyimbo tatu ziliingia 30 bora za Uingereza mwaka huo, ya juu ikafika namba 19. Tarehe 30 Aprili alipanda jukwaani Victoria Park, mashariki mwa London, kwenye mkutano mkubwa wa Rock Against Racism, harakati ya wanamuziki kupinga ubaguzi wa rangi, siku moja na bendi za The Clash na Steel Pulse. Kumbuka ni enzi ambazo chama cha National Front kilikuwa kinaandamana barabarani kikitaka weusi wafukuzwe nchini. Naye anasimama pale, chotara, ana vyuma vya kunyooshea meno, ameshanyoa kichwa. Kabla ya hapo alikuwa amesema kwamba wakijaribu kumfanya mrembo wa kutamaniwa atanyoa nywele. Alitimiza.

Halafu akaugua. Mwaka uleule, baada ya onyesho Doncaster, usiku hotelini aliona mwanga wa waridi dirishani, na vitu alivyovigusa vikawa vinatatarika. Alipelekwa hospitali, akaambiwa ana skizofrenia, na kwamba hatafanya kazi tena. Mwaka 1979 akaiacha bendi. Ilichukua mpaka 1991 madaktari kusema ni bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Hesabu miaka hiyo.

Mimi naihesabu kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume. Mwaka 2005 alikaa siku nne bila kulala, akakopa fedha kwa watu watano, akanunua majokofu matatu ya kuuza barafu, nyumba yenyewe umeme ni wa kubahatisha. Wiki tatu baadaye hatoki kitandani. Mama alimfanyia kombe, akamsomea. Tukampeleka hospitali moja kubwa, siitaji, wakatuandikia skizofrenia kwa mazungumzo ya robo saa, na mtu wa pale akamwambia mama mbele ya mgonjwa, "Huyu msimtegemee tena." Mdogo wangu alilibeba neno lile miaka sita, mpaka daktari mwingine alipokaa naye, akauliza kuhusu siku za furaha kupita kiasi na siku za giza, akabadilisha dawa. Leo anatengeneza majokofu, ana vijana wawili anaowafundisha. Kwa hiyo mtu akiniambia Poly "alipotea", damu inanichemka. Poly alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake uliitwa jina lisilo lake kwa zaidi ya miaka kumi.

Na hata hivyo hakunyamaza. Alimzaa binti yake, Celeste, 1981. Mwaka 1983 alijiunga na Hare Krishna, dini yenye asili ya Kihindu, akaishi kwenye nyumba yao ya Bhaktivedanta Manor, ile aliyoitoa George Harrison wa Beatles. Akatoa santuri ndogo 1986. Lora naye alikuwa ameingia dini ileile, wakakutana tena, na 1995 wakatoa albamu ya pili ya X-Ray Spex, Conscious Consumer. Haikutangazwa ipasavyo kwa sababu Poly aligongwa na gari la zimamoto, akavunjika nyonga. Albamu nyingine, ya kwake mwenyewe, akaitoa 2004. Maisha ya Celeste na mama yake hayakuwa mepesi, binti akaenda kulelewa na bibi, na ameyasema yote bila kuficha kwenye filamu aliyoiongoza na Paul Sng, ya 2021. Itazame, lakini usiitazame ukiwa peke yako usiku.

Tarehe 6 Septemba 2008 nilikwenda kumwona Poly akipiga na X-Ray Spex kwenye ukumbi wa Roundhouse, Camden, ile iliyokuwa karakana ya treni. Nilibadilishana zamu na yule mama wa Brixton kisha tukagundua wote wawili tunataka kwenda, tukamwomba mtu wa tatu. Ukumbi umejaa, vijana na watu wenye mvi. Alipotoka alikuwa mama wa miaka 51, kavaa rangi, hana haraka. Nilikuwa naogopa sauti itakuwa imekwisha. Akasema yale maneno ya utangulizi ya Oh Bondage kwa sauti ya kitoto kama kwenye santuri, akanyamaza kidogo, na ukumbi mzima ukamalizia ukelele kabla yake. Akacheka. Yule mama wa Brixton alikuwa ananifinya mkono mpaka kucha zinaingia.

Albamu yake ya mwisho, Generation Indigo, ilitoka mwishoni mwa Machi 2011, mtayarishaji akiwa mwanamuziki anayeitwa Youth. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye titi ikafika mgongoni na kwenye mapafu. Alifariki tarehe 25 Aprili, mwezi mmoja haujatimia vizuri tangu albamu itoke, akiwa na miaka 53. Hata wakati ule alikuwa anaandika kuhusu viatu, mtandao na biashara, macho yaleyale ya 1978.

Mkuu, anza na ile santuri ya 1977, halafu wimbo wa Identity, ambao utaujua kwa swali lake la kioo: ukijitazama unajiona wewe au unaona televisheni. Ukishamaliza nenda moja kwa moja Translucence, usiku, sauti ya chini. Mdogo wangu nilimtumia hiyo, anaiweka akiwa anachomelea mabomba ya majokofu. Ukisikiliza rudi hapa utuambie kuhusu saksafoni, nataka kujua sikio la mtu wa dansi limesikia nini.