Kuopoa si Kuokoa: Kwa Wanaoanza Kuhariri Habari

Ukiketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya uhariri, jihadhari mapema na kitenzi kuopoa, kwa sababu kinatofautiana na kuokoa kwa herufi moja tu ilhali maana zake ziko mbali. Nilipokuwa mgeni kazini niliandika kwamba mtoto aliyetumbukia kisimani "ameopolewa", nikikusudia kusema ametolewa. Mtoto alikuwa mzima, lakini jamaa zake wa mbali walipiga simu wakiuliza maziko ni lini.

Asili ya kuopoa ni kutoa kitu kilichotumbukia, hasa majini: ndoo iliyokatika kamba huopolewa, na mti wenye ndoano unaotumika kwa kazi hiyo huitwa kiopoo. Katika habari za ajali, basi, kinachoopolewa ni kitu au maiti, na msomaji akiliona neno hilo kwa mtu huanza kuomboleza. (Vijana nao wana kuopoa kwao, kwa maana ya kupata mchumba mitaani, hiyo waachie wenyewe.)

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, wazamiaji walikuwa wakitoa miili ya abiria, na tarehe 22 wakamtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya kivuko hicho. Habari ya siku hiyo ilihitaji vitenzi vyote viwili, kila kimoja mahali pake: miili iliopolewa, fundi aliokolewa.

Kukomboa ni jambo jingine, kwa kuwa lazima kitu kiwe kimeshikiliwa na mwingine, kama shamba lililowekwa rehani au mateka. Bandarini Dar es Salaam husemwa kugomboa mzigo, yaani kuutoa baada ya kulipia ushuru na tozo. Usilisahihishe, ndilo neno la wenye kazi yao.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la tahajia. Wengi huandika "miili iliyopolewa", wakidondosha o moja, ilhali kiambishi ni -yo- na mzizi nao huanza kwa o: iliyoopolewa. Ukiidondosha, msomaji hukumbuka kupoa, na kwa maiti ukumbusho huo ni mbaya.